"Kaggia, wewe umejifanyia nini?"

Kwanza tuelewane. Nikisema Rongai, simaanishi ile ya Kajiado yenye matatu za kupasua masikio. Naongelea Rongai yetu ya Nakuru, ya mkonge na mahindi, ile unayopita ukielekea Salgaa na macho yako kwa simu.

Siku moja inua macho. Hayo mashamba makubwa hayakujigawa yenyewe. Mwaka wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliamua kuwazawadi wanajeshi wazungu kwa ardhi ya Kenya. Ilichezwa bahati nasibu ndani ya Theatre Royal pale Nairobi. Namba yako ikitoka, msee, una shamba. Vita vya Pili vilipoisha wakaja wengine kwa mpango kama huo. Na askari Mwafrika aliyepigana vita hivyo hivyo? Alirudi nyumbani akakuta kipande kinamngoja.

Mmoja wa waliorudi hivyo ni Bildad Kaggia. Najua unamjua kwa orodha tu: Kapenguria Six, jina la katikati, unakariri kwa mtihani halafu unasahau. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi nilipopata kitabu chake, Roots of Freedom, kimechakaa hakina jalada. Nilikuwa nimetoka chuo kwa sababu ya karo, niko nyumbani sina la kufanya. Kumbe jamaa naye alipita mtihani wa kuingia Alliance na hakuenda. Karo. Nikavuta kiti.

Akawa karani, akaingia jeshini, akapelekwa Mashariki ya Kati, baadaye Uingereza. Alizuru Yerusalemu, mji aliokuwa akiusikia kanisani tu, na kule akaanza kujiuliza kwa nini Ukristo lazima uvae nguo za mmishonari. Aliporudi mwaka wa 1946 alianzisha dini yake mwenyewe, watu wakaiita Dini ya Kaggia. Baada ya hapo akaingia vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1951 yeye na Fred Kubai na wenzao walitwaa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Wazee wa KAU walikuwa wakiandika maombi kwa gavana, hawa vijana walikuwa na mambo mengine kabisa. Kaggia alikuwa ndani ya kamati kuu ya Mau Mau.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Kenyatta. Miaka saba, kazi ngumu, Lokitaung kule Turkana. Sehemu hiyo umeisikia sana, tusikae hapo.

Kinachoniuma mimi ni kilichofuata. Uhuru ukaja, Kaggia akawa mbunge wa Kandara, akapewa cheo kwenye wizara ya elimu. Serikali mpya ilikuwa imekopa pesa Uingereza ili kuwalipa walowezi waondoke, halafu mwananchi naye alipie hiyo ardhi. Kaggia akasema hapana. Mali ikiibwa, mwenyewe hainunui kutoka kwa aliyeiba. Akaandika barua akilalamika kwamba maskwota wanafukuzwa na serikali yao wenyewe. Kenyatta akamwonya aache. Hakuacha. Juni 1964 akawa nje ya serikali.

Sasa njoo Kandara, Aprili 1965. Mkutano wa hadhara, kwao nyumbani, mbele ya watu waliompigia kura. Kenyatta anamgeukia Kaggia. Anamkumbusha kwamba walikuwa jela pamoja, kisha anaanza kutaja wenzao: huyu ana nyumba kubwa, yule ana shamba, mwingine ana biashara. Halafu anamuuliza: wewe umejifanyia nini?

Nikisoma hapo nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu hilo ni swali ambalo tata yangu huniuliza kila Krismasi, na sauti ni ile ile. Wewe pia umeulizwa, usijifanye. Tofauti ni kwamba Kaggia alikuwa na jibu. Hakwenda jela ili ajifanyie kitu.

Mwaka wa 1966 alimfuata Oginga Odinga kwenye KPU, akapoteza kiti. 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali aliyoipigania, kisa mkutano usio na kibali. Mwaka uliofuata alirudi KANU, na baadaye akapewa uenyekiti wa bodi za serikali. Wapo wanaosema alinunuliwa. Mimi nadhani alichoka. Lakini kama alinunuliwa, bei ilikuwa ya chini sana ukilinganisha na wenzake.

Halafu akaandika, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kitabu kilitoka 1975, wakati Mau Mau bado ilikuwa marufuku kwa sheria ya mkoloni ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta. Ilifutwa 2003. Kaggia alifariki tarehe 7 Machi 2005, kwa hivyo miaka yake karibu yote ya Kenya huru aliishi akiwa mwanachama wa zamani wa kitu haramu.

Nilipomaliza kitabu nilimwendea guka. Nikamuuliza hii ploti yetu tuliipataje. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki, ndani kuna risiti za hisa za kampuni ya kununua mashamba, moja moja, miaka kadhaa, nyingine za shilingi ishirini tu. Shamba lilikuwa la mzungu mmoja mwanajeshi. Nikamuuliza kama alimjua Kaggia.

"Yule wa ardhi ya bure," akasema, akaanza kuzipanga risiti zake upya kwa tarehe.