Mwajiri na Mfanyakazi Mwanamume Anayedhulumiwa Nyumbani

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yawafaa sana waajiri wetu, kwani mfanyakazi huwa machoni pao kuanzia asubuhi hadi jioni, nao wasijue usiku aliulalaje. Makala haya yanadhamiria kueleza namna mwajiri anavyoweza kumfaa mfanyakazi mwanamume anayepigwa, anayetishwa au anayenyang'anywa mshahara wake na mwenzake wa nyumbani.

Tuanze na lugha, maadamu ndiyo taaluma yetu. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja hutenda, mwingine hutendwa. Mwanamume akigeuka kuwa mtendwa, lugha humpokea kwa kicheko: husemwa kwamba 'amekaliwa'. Mwanzoni mwa mwaka wa 2012, vyombo vya habari viliporipoti visa vya wanaume waliojeruhiwa na wake zao huko Nyeri, vichekesho vilienea kwa kasi kuliko maswali. Mfanyakazi anayeingia afisini na plasta usoni, akalakiwa kwa mzaha wa aina hiyo, atajibu kwamba aliteleza bafuni, na tangu siku hiyo hatasema lingine. Kwa hivyo hatua ya kwanza haimgharimu mwajiri hata shilingi: msimamizi asicheke, na asiwaruhusu wengine wacheke.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume nchini Kenya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza umri wa miaka 15. Ni kweli kwamba takwimu hizi hazihusu wanandoa pekee, na hazipunguzi hata chembe mzigo unaowalemea wanawake. Hata hivyo, zinatosha kumwonya mwajiri anayedhani kwamba jambo hili halimo katika orodha yake ya mishahara.

Sheria nayo haibagui. Sheria ya mwaka wa 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani humlinda mume sawa na mke, na inatambua dhuluma za kihisia na za kiuchumi pamoja na kipigo. Mdhulumiwa anaweza kuiomba mahakama amri ya kumkinga. Lakini kwenda mahakamani, kupiga ripoti katika dawati la jinsia la kituo cha polisi na kujaziwa fomu ya P3 na daktari ni shughuli zinazokula siku za kazi. Hapo ndipo mwajiri anapoingia.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ilipotungwa haikutaja likizo kwa ajili ya wahasiriwa wa dhuluma za kinyumbani. Inatoa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na likizo ya ugonjwa ya siku 7 zenye mshahara kamili kisha 7 zenye nusu mshahara. Kwa upande mwingine, kifungu cha 44 kinahesabu kukosa kufika kazini bila ruhusa kuwa kosa kubwa linaloweza kumfutisha mtu kazi. Mwanamume anayeficha jeraha lake hujikuta hapo hasa: amekosa siku tatu, hana cheti cha daktari wala sababu anayothubutu kuitamka. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amsikilize kwanza, na mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake amchaguaye. Mwajiri mwenye busara hatasubiri kikao hicho, atamwita mapema, faraghani, amuulize tu: "Kuna jambo nyumbani linalokuzuia kufika?" Swali la "Ulimfanyia nini?" halina nafasi hapo, wala mwajiri asijitwike kazi ya hakimu au ya mzee wa ukoo kwa kumpigia mke simu ili awapatanishe. Hajui atakachokiwasha.

Nchini New Zealand, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019 inawapa wahasiriwa, wake kwa waume, hadi siku 10 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mwaka huohuo wa 2019, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 190, unaotaka athari za dhuluma za kinyumbani zitambuliwe na kupunguzwa katika ulimwengu wa kazi. Mwajiri wa Kenya hahitaji kungoja Bunge; kanuni za kampuni zinaweza kutoa siku hizo hata leo.

Mshahara unahitaji uangalifu wa pekee. Mfanyakazi akiomba kwa maandishi pesa zake zipelekwe katika akaunti nyingine, aombwavyo mwajiri atende, na stakabadhi ya mshahara asipewe mtu mwingine yeyote bila idhini yake. Mke anayefika mwisho wa mwezi na kudai kwamba ametumwa si mjumbe mpaka kuwe na barua. Kampuni yenye matawi inaweza pia kumhamisha mhusika kwa muda, ikiwa yeye mwenyewe ataka.

Duka la watu watano halina idara ya wafanyakazi wala mshauri nasaha, lakini lina simu, na nambari ya kitaifa ya 1195 hupokea malalamiko ya dhuluma za kijinsia. Yatosha kumpa mfanyakazi chumba cha nyuma na robo saa ya kupiga simu hiyo pasipo kusikizwa.

Limebaki suala la mapokezi. Apigaye simu mara kumi kwa siku kuuliza kama fulani yuko kazini na atatoka saa ngapi, aambiwe kwamba afisi haitoi habari za wafanyakazi kwa simu. Jibu hilo lipewe kila aulizaye, kuhusu kila mfanyakazi, ili lisimtambulishe yeyote.