Ngumi: Kumpiga bondia ambaye hajawahi kushindwa, kunampa mtu ukubwa gani?

Tarehe 30 Oktoba 1974, kwenye uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, George Foreman alipanda ulingoni akiwa na mapambano 40 na ushindi 40, 37 kati yake kwa nokauti. Alikuwa na umri wa miaka 25. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32 na alikuwa amekwisha kupoteza mara mbili. Katika raundi ya 8, Foreman alianguka na Ali akawa tena bingwa wa dunia.

Tangu usiku ule, wapenzi wengi wa ngumi wanaamini kwamba bondia mkubwa ni yule anayevunja rekodi safi ya mwenzake. Lakini rekodi safi peke yake haitoshi. Lazima kuangalia ilijengwa juu ya nani.

Foreman alikuwa amewapiga Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali, kila mmoja katika raundi mbili tu. Ndiyo maana ushindi wa Kinshasa una uzito hadi leo.

Mfano mwingine ni wa Buster Douglas. Mwezi Februari 1990, mjini Tokyo, alimwangusha Mike Tyson aliyekuwa na ushindi 37 bila kushindwa hata mara moja. Dunia nzima ilishangaa. Mwezi Oktoba mwaka uleule, katika pambano lake la kwanza la kutetea taji, Evander Holyfield alimpiga katika raundi ya 3. Douglas anakumbukwa kwa usiku mmoja, lakini hakuna anayemweka karibu na Ali.

Hapa kwetu swali hili linawahusu ndugu wawili wazaliwa wa Kananga. Ilunga Makabu alichukua taji la dunia la WBC mwezi Januari 2020 mjini Kinshasa, kwa kumshinda kwa pointi Michał Cieślak wa Poland, ambaye alikuwa hajapoteza katika mapambano 19. Mdogo wake, Martin Bakole, alimshinda Tony Yoka mjini Paris mwaka 2022, kisha Jared Anderson mjini Los Angeles mwezi Agosti 2024. Wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa, na wote walikuwa mbele ya watu wao.

Mwezi Februari 2025, Bakole aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, na Joseph Parker akamwangusha katika raundi ya 2. Wengine walisema mara moja kwamba Mkongomani huyu hakuwa kitu. Hiyo si haki. Kushindwa kwa Riyadh hakufuti kazi aliyoifanya Paris na Los Angeles.

Hata hivyo, ukweli usemwe: baada ya Bakole, Yoka alipigwa tena mara mbili mfululizo, na rekodi yake ikaonekana kuwa nyepesi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo Bakole amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuvunja rekodi za wengine ugenini. Kinachobaki ni kumshinda bingwa aliyekwisha kupita mbele ya wakubwa, hata kama bingwa huyo amewahi kushindwa.