Umezoea milima? Jiko la makaa halijui hilo

Oktoba 1968 jijini Mexico City, Naftali Temu, kijana wa Kigusii, alishinda mbio za mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, alimaliza wa sita, akazirai, akawekewa oksijeni. Mji huo uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari.

Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni presha, hivyo kila pumzi inaingiza kidogo. Ukikaa huko wiki kadhaa, figo hutoa homoni inayoufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Temu alikuwa amezoea milima, Clarke hakuwa.

Lakini vijana wa Kenyenya, msijigambe sana. Usiku wa mvua, ukiingiza jiko ndani ya keja ya chumba kimoja, ufunge dirisha na uzibe chini ya mlango kwa tambara, milima haitakusaidia. Makaa yakikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Eti yakishakuwa mekundu bila moshi ni salama? Zii! Gesi hii hushikamana na chembe za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama matatu iliyojaa abiria wasiofaa: hata ukiwa na matatu nyingi, wako atabaki stejini.

Ubongo ndio huumia mapema. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni malaria. Husikii kukabwa, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi hasa ni kaboni dioksaidi kuzidi mwilini, na hapa haijazidi. Akili nayo imeshavurugika: mlango unauona, lakini wazo la kuufungua halikujii. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Ukimkuta mtu hivyo, fungua kila kitu, mtoe nje, mkimbize hospitali. Achana na maziwa, hayaondoi gesi kwenye damu. Kwa hewa ya kawaida, nusu yake huchukua saa nne au tano kutoka. Kwa oksijeni ya hospitali, ni kama saa moja na nusu.