Kivumishi "Beleaguered" na Tatizo la Kukitafsiri

Kivumishi cha Kiingereza "beleaguered" kimetokana na kitenzi cha Kiholanzi, "belegeren", kilichokopwa katika karne ya 16. Shina lake, "leger", lina maana ya kambi ya jeshi. Hivyo maana ya awali ni kuzungushiwa kambi za adui. Mji wa namna hiyo si lazima uvamiwe. Hubanwa siku hata siku. Ndiyo maana leo kivumishi hiki hutumiwa hata kwa waziri au kampuni inayoandamwa na shida zisizokoma.

Mfasiri akikimbilia "-sumbuliwa", picha ya kuzingirwa hupotea. Tena msomaji wa "waziri anayesumbuliwa" aweza kudhani kuwa bwana huyo ni mgonjwa. "-Zongwa" lafaa zaidi, kwa kuwa huhifadhi dhana ya kuzungukwa na kubanwa. Hata hivyo, njeo nayo ina uzito: "aliyezongwa" huweza kuashiria jambo lililokwisha, ilhali "anayezongwa" huonyesha mwendelezo.

Aidha, katika Kiswahili "waziri anayezongwa" hubaki akining'inia mpaka kitajwe kinachomzonga: kashfa, madeni au wapinzani. Kiingereza huliacha jambo hilo gizani, na hapo ndipo gazeti huweza kumwonea mtu huruma bila ya kutaja kosa lake.