Tetesi, Fununu na Tangazo: Kufasiri Habari za Kadi za Michoro Zisizotoka Bado

Mfasiri anayeletewa habari za kompyuta aghalabu huanza kwa kutafuta majina ya vifaa, akidhani kwamba akishayapata kazi imekwisha. Kwa habari za kadi za michoro za daraja la juu, hasa zile ambazo hazijatoka bado, tumeona kwamba majina si tatizo kubwa. Ugumu uko katika kitenzi. Kitu kinachonong'onwa, kitu kilichotangazwa na kitu kinachouzwa dukani vyote huandikwa kwa sentensi ya namna moja, na msomaji asijue kipi ni kipi. Kwa kuwa maofisa na walimu hutakiwa kuandika maombi ya kununua vifaa vya kompyuta, kosa la namna hiyo lina gharama.

Hata hivyo, yafaa tuanze na kifaa chenyewe. Kadi ya michoro ni ubao wa elektroniki unaochomekwa ndani ya kompyuta, wenye kumbukumbu yake, feni zake za kupozea, na katikati kichakataji michoro, yaani kile kipande kidogo kinachopiga hesabu za kuunda picha ya kiooni. Wako wanaosema kadi ya picha. Hatuipendelei, kwa sababu mtu wa ofisini akisikia kadi ya picha hufikiri kitambulisho. Neno kadi lenyewe halipendezi sana, maana kwetu kadi ni karatasi, kama kadi ya kliniki au kadi ya chama, hali kadi hizi kubwa hufikia urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo mbili na zaidi. Lakini mafundi wamekwisha kulizoea na hatuoni faida ya kuwapokonya.

Kichakataji ni neno ambalo mwalimu wa Ngombezi, kule Korogwe, hana haja ya kufafanuliwa. Ngombezi ni nchi ya mkonge, na watu wa mkonge husema majani huchakatwa. Jani bichi huingia kwenye korona, likapondwa na kukwanguliwa, na upande wa pili zikatoka singa. Kichakataji michoro nacho hupokea tarakimu zisizo na sura na kutoa picha. Tofauti ni kwamba kichakataji huigawa kazi yake kwa maelfu ya viini vidogo vifanyavyo kazi kwa wakati mmoja: kadi ya RTX 5090 ya kampuni ya Nvidia ya Marekani ina viini 21,760. Ndiyo sababu kadi hizi, zilizokuzwa na michezo ya kompyuta, sasa zinatafutwa na wachora ramani, wasanifu wa majengo na watafiti wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba.

Tumesema daraja la juu, wala hatukusema ubora wa juu. Daraja ni nafasi ya kadi katika orodha ya mwenye kuiuza. Ubora ni hukumu ya mwenye kuitumia. Kadi ya daraja la chini yaweza kuwa na ubora wa kutosha kabisa kwa shule.

Sasa tuje kwenye tetesi. Nvidia hubuni vichakataji, kampuni ya TSMC ya Taiwan huviunda, na makampuni mengine, mathalani ASUS na MSI, hutengeneza kadi na kuziuza kwa majina yao. Hati za kadi moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya siku ya tangazo, nao wapenzi wa vifaa hivi hungoja tangazo hilo kwa muda mrefu: RTX 4090 ilitangazwa Septemba 2022, na iliyoifuata, RTX 5090, Januari 2025. Katika kipindi kama hicho midomo hailali. Msomaji anayefuatilia tetesi za usajili wa Simba na Yanga anaijua hali hii vizuri.

Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno ya habari zisizothibitishwa, na ni hasara kuyatumia yote kama kwamba ni neno moja. Fununu ni habari iliyosikika kwa watu wachache, pengine kutoka kwa aliye karibu na jambo. Tetesi ni habari inayosemwa huku na huku bila ya uthibitisho. Uvumi umekwisha kuvuma, kila mtu anao, na asili yake haijulikani tena. Tunapendekeza mfasiri atumie fununu pale tu mtoa habari anapofahamika, na uvumi pale asipofahamika kabisa. Tetesi ichukue nafasi iliyo katikati.

Neno la hatari zaidi ni kuvuja. Magazeti ya kigeni huita kila habari ya mapema kuwa imevuja, nasi hufuata. Lakini kwa Kiswahili, mtihani ukivuja, mtihani huo upo na maswali yake ni yaleyale. Maji hayavuji katika mtungi mtupu. Anayeandika kwamba vipimo vya kadi vimevuja amekwisha kumshuhudia mtoa habari kuwa mkweli. Yafaa neno hilo litumiwe kwa hati halisi iliyotoka kinyume cha idhini, basi.

Kisha kiambishi -ta-. Mwaka 2022, kabla ya tangazo, zilienea tetesi kwamba RTX 4090 ingehitaji wati 600 za umeme. Mfasiri akiandika "Kadi mpya itatumia wati 600", ametoa ahadi ambayo mwenye kiwanda hakuitoa. Kipimo rasmi kilipotangazwa kilikuwa wati 450. Methali yetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilisemwa sana, na halikuja.

Tuseme kwamba chuo kimoja cha ufundi kilicho karibu na Ngombezi kilikuwa na fedha za kununua kompyuta moja ya kuchorea majengo, na mwalimu akaisoma sentensi ile mwezi Mei mwaka huo. Akiiamini, huenda ataomba pawasaplai kubwa kuliko inayohitajika, au ataacha kadi iliyopo dukani aingoje mpya. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na tangazo la kadi lilifanyika tarehe 20 Septemba. Wanafunzi wangekaa bila mashine, na fungu lingekuwa limekwisha kurudi Hazina.

Yapo maneno ya kutusaidia, nayo hayalingani. Huenda ikatumia ni makisio ya mwandishi mwenyewe. Inasemekana itatumia huhamishia kauli kwa wengine bila kuwataja. Inadaiwa huongeza shaka kidogo. Imetangazwa kuwa itatumia hutaka mtangazaji anayejulikana na tarehe yake. Kwa nyaraka za ofisi sisi hatuoni sababu ya inasemekana kutumika peke yake. Atajwe anayesema, la sivyo sentensi iondolewe.

Hata tangazo si mwisho wa safari. Siku ileile ya Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya gigabaiti 12. Ilionekana kwamba hazikutofautiana kwa kumbukumbu tu: ya kwanza ilikuwa na viini 9,728 na ya pili 7,680, na vichakataji vyenyewe ni viwili mbalimbali. Wateja walilalamika, na tarehe 14 Oktoba kampuni ikaiondoa ile ndogo kabla haijauzwa, ikikiri kwamba haikupewa jina lifaalo. Ilirudi Januari 2023 ikiitwa RTX 4070 Ti, na bei yake ikashuka kutoka dola 899 hadi 799. Sisi wa istilahi, tuliozoea kulaumiwa kwa kukipa kitu kimoja majina matatu, tunaruhusiwa kutabasamu kidogo.

Kadhalika, kuzinduliwa si kupatikana. RTX 5090 ilitangazwa tarehe 6 Januari 2025 kwa bei ya kuanzia dola 1,999, ikaingia sokoni tarehe 30 Januari, na ikaisha madukani upesi. Waliotaka waliuziwa kwa bei iliyopita sana ile iliyotangazwa. Kwa hiyo tunatenga maneno matatu: kutangazwa, kuanza kuuzwa, na kupatikana, na kila moja liandikiwe tarehe yake.

Kuhusu tarehe lipo jambo dogo. Tetesi hupenda kusema kadi itatoka "robo ya kwanza". Robo ya kwanza ya kalenda huanza Januari. Ya mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza Julai. Na Nvidia, ambayo mwaka wake wa fedha wa 2025 ulifungwa tarehe 26 Januari 2025, huianza yake mwishoni mwa Januari. Mfasiri aulize ni robo ya nani, kisha aandike majina ya miezi.