Kagunga 2015: kikombe cha maji na kazi ya kueleweka

Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mji wa Kigoma: nyuma milima, mbele ziwa, ufike kwa boti au kwa miguu. Vyoo havikutosha, na maji yalikuwa hayo hayo ya Tanganyika. Kufikia Mei 22, Umoja wa Mataifa ulishahesabu wagonjwa wa kipindupindu wapatao 3,000 na vifo 31.

Kipindupindu kikiwahiwa kinatibika kirahisi. Sumu ya bakteria huufanya utumbo umwage maji na chumvi, hata lita moja kwa saa kwa aliyezidiwa. Lakini njia inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja haidhuriki, na vikipita, maji hufuata. Ndivyo ORS, unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji ya kunywa, inavyofanya kazi: pakiti moja, lita moja ya maji salama.

Kazi ni kumweleza mtu. Asubuhi kaambiwa maji yanaua. Mchana anapewa kikombe cha maji, na akitapika asubiri dakika 10 aendelee kunywa kidogo kidogo. Jirani yake katundikiwa dripu. Atajiona kapunjwa, na sioni kwa nini tumlaumu.

Kigoma ina bahati: Kiha na Kirundi ni ndugu, Muha na Mrundi husikilizana. Hata hivyo, kusikilizana hakutoshi. Mwaka 1984 Beckman na Frankel waligundua kwamba madaktari wa Marekani humkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwaka 2003 Kessels, mtafiti wa Uholanzi, aliandika kwamba asilimia 40 hadi 80 ya anayoelezwa mgonjwa husahaulika papo hapo. Kwetu ongeza heshima. “Umeelewa, mama?” “Ndiyo, daktari.” Nani atamjibu hapana mwenye koti jeupe?

Ndiyo maana swali zuri hubeba lawama upande wa mhudumu: “Mama, sijui kama nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe utakavyomchanganyia mtoto.” Hapo ndipo mama huchukua chupa ya soda ya nusu lita na kumimina pakiti nzima. Chumvi imezidi maradufu, na kwa mtoto hiyo ni hatari. Swali la “umeelewa?” lisingeliona kosa hilo.

Tusimsahau muuguzi. Kipimo cha uchovu wa kazi alichotoa Christina Maslach na mwenzake mwaka 1981 hutazama mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kazi haina faida. Hilo la pili mgonjwa hulipokea kama majibu ya mkato. Si kila ukali ni uchovu, nakubali. Wengine ni wakali tu. Lakini anayeunganisha zamu mbili halafu akaitwa kwenye semina ya lugha nzuri kwa wateja, atasinzia humo humo. Apewe kwanza siku ya kulala.