Majani Mapya Juu ya Ndago ya Zamani

Katika kazi ambazo watu wa miji yetu ya mwambao huzifanya kwa gharama na jitihada, kisha zikawaharibikia mbele ya macho yao, mojawapo ni kubadilisha majani ya uwanja wa nyumba. Mtu huuona uwanja wake umekuwa mabaka mabaka, mchanga umetokeza na mbigili zinawachoma watoto. Basi hununua majani mapya, akayapanda, akafurahi nayo miezi mitatu au minne. Halafu siku moja akaona mashina membamba yamechomoza katikati yake. Kabla mwaka haujatimia uwanja umerudi ulivyokuwa. Hapo husema kwamba majani aliyouziwa hayakuwa mazuri, au kwamba ardhi yake haina kheri. Sisi twaona kwamba majani hayana kosa, wala ardhi haina kosa. Kosa ni kupanda juu ya adui aliye hai.

Wala jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Uwanja wa nyumba una watu wengi wenye haki nao. Hapo watoto hucheza miguu mitupu, hapo hutandikwa mikeka siku ya walima na siku ya hitima, na hapo watu wa nyumba husali jamaa pindi chumba kinapokuwa kidogo, kwani umma huu umejaaliwa ardhi kuwa msikiti na kitu tahiri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondosha njiani kitu kinachowaudhi watu ni tawi katika matawi ya imani. Mwiba wa mbigili ulioko mlangoni petu, ambapo wazee na wageni hupita, umeingia katika mafundisho hayo bila ya shaka.

Adui tuliyemtaja ni ndago. Wengi huidhani kuwa ni majani kama majani mengine, nayo siyo. Mtu akilishika shina lake kwa vidole viwili akalizungusha, ataona lina pembe tatu, hali ya kuwa shina la ukoka halina pembe hizo. Chini ya ardhi ndago ina viazi vidogo vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi mfano wa tasbihi. Vingi hukaa katika shubiri ya kwanza ya udongo, na vingine huteremka chini zaidi. Waarabu huiita su'di, na matabibu wa zamani waliitia katika dawa zao. Walakini mwaka 1977 wataalamu wanne waliotunga kitabu juu ya magugu mabaya kabisa ya dunia waliiweka ndago kuwa ya kwanza.

Sasa natutazame yanayotokea mtu anapolima mara moja kisha akapanda. Viazi vya ndago vikiwa vimeshikana, kimoja au viwili ndivyo vinavyochipua na vilivyobaki hulala. Jembe likikata ule uzi, kila kiazi huamka na kuchipua peke yake. Kwa hivyo aliyedhani amelima, kwa hakika amepanda. Na samadi na maji anayoyatia kwa ajili ya majani mapya, ndago huyala kwanza.

Wako wanaokimbilia dawa ya kuua magugu. Ile inayouzwa zaidi, iitwayo glaifoseti, huua majani ya juu na baadhi ya viazi, lakini viazi vilivyolala huokoka, na mtu hulazimika kuirudia. Tena mwaka 2015 chombo cha Shirika la Afya Ulimwenguni kinachochunguza saratani kiliiweka dawa hiyo katika kundi la vitu ambavyo yumkini huleta saratani kwa wanadamu, ingawa serikali kadhaa zimeona kwamba ikitumiwa kama ilivyoagizwa haina hatari hiyo. Kwa uwanja mdogo wenye watoto, kuku na kisima, sisi twapendelea mikono na jua.

Na jua ndilo silaha yetu kubwa. Kiazi cha ndago kilichotolewa nje kikaanikwa siku nyingi hukauka na kufa. Basi kazi ianze wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari, mvua zikiwa mbali. Ardhi ichimbwe kwa jembe la meno, ambalo halikati sana, kwenda chini kiasi cha shubiri moja na nusu. Udongo upitishwe katika chekeche ya waashi, na viazi vyote viwekwe juu ya bati mahali pakavu. Udongo ulioachwa wazi upigwe na jua wiki mbili. Baada ya hapo umwagiwe maji kwa makusudi, ili vile vilivyosalia vichipue. Vikichipua ving'olewe pamoja na viazi vyake kabla ya wiki tatu kupita, kwa kuwa akicheleweshwa mzazi huzaa viazi vipya. Zoezi hili lirudiwe mara ya pili, na ikibidi mara ya tatu. Kwa njia hiyo mwezi wa Machi unapokwisha, masika yakikaribia, uwanja utakuwa tayari. Mbigili nayo ing'olewe kabla ya kuzaa, na miba yake iliyoanguka ifagiwe, kwani mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa.

Kazi hii yawafaa sana vijana wa nyumba, kwani hutaka nguvu na subira pamoja. Akiajiriwa mtu, yapasa aelezwe mapema kina cha kuchimba na idadi ya kurudia, ujira ukubaliwe kabla ya kazi, na alipwe bila ya kucheleweshwa kama tulivyoamrishwa. Mtu aliyepatana kulipwa kidogo kwa kazi nzima atakwaruza juu tu, naye hatalaumika sana.

Ama majani ya kupanda, yafuate mahali. Penye jua la kutwa, ukoka hufaa: wavumilia ukame na kukanyagwa, lakini kivulini hukonda. Chini ya mwembe au mwarobaini, na karibu na bahari penye upepo wa chumvi, hufaa majani mapana yaitwayo majani ya Pemba. Penye maji ya kisima yaliyo na chumvi, paspalamu huvumilia kuliko yote. Hakuna haja ya kununua mabunda. Jirani mwenye uwanja mzuri akiombwa kwa adabu hutoa vikonyo, navyo vikikatwa vipande vyenye fundo mbili au tatu hupandwa katika mifereji, nafasi ya shubiri moja, fundo zikiwa chini ya udongo na ncha ikiwa juu. Lakini vikaguliwe kwanza. Kadhalika udongo na samadi ya kununua vikaguliwe, kwani ndago nyingi huingia nyumbani kwa gari iliyolipiwa. Ardhi isawazishwe, na iteremke kidogo kutoka ukutani, maji yasituame yakazaa mbu.

Tumehimiza kupanda masika kwa sababu ya maji. Uwanja wa mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba. Kuulowesha milimita 5 tu hutaka lita 400, nayo ni madumu 20 ya lita 20. Vikonyo vipya hutaka maji kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Mwenye kupanda katika jua kali atatumia madumu mamia, ilhali katika mtaa huo huo wako wanaonunua dumu moja la kupikia. Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimkanya Sa'd asifanye israfu ya maji katika udhu, hata kama yuko kwenye mto upitao. Ikiwa hivyo ndivyo katika ibada, itakuwaje katika majani? Mvua ya Mwenyezi Mungu ifanye kazi hiyo. Na maji ya udhu yakingwe: kwa madhehebu ya Imam Shafii maji yaliyokwisha kutumika hayatahirishi tena, lakini ni tahiri, na majani huyapokea vyema.

Majani yakishashikamana, baada ya miezi miwili au mitatu, yasikatwe mpaka chini. Kila mara likatwe thuluthi ya urefu, na yaachwe na kimo cha vidole vitatu, kwani ndago huchukia kivuli, na majani mazito huinyima jua. Yaliyokatwa apewe jirani mwenye mbuzi. Muislamu akipanda kitu, kikaliwa na mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Hapa twataka kukumbusha haki ya jirani, maana ndipo wengi wanapoteleza. Viazi vilivyochimbwa hutupwa nyuma ya ukuta au katika kiwanja kitupu, navyo huota huko na kumwingilia mwengine. Sharia yetu haikubali mtu kujitengenezea lake kwa kumharibia mwenziwe. Vikaushwe mpaka vife, kisha vichomwe. Penye mpaka uchimbwe mfereji mwembamba, ukoka usitambae kwa mtu. Na anayekaa katika nyumba ya kupanga, aombe idhini ya mwenye nyumba kabla ya kugusa jembe.

Wengine, kwa kuchoka, humwaga saruji uwanja mzima. Hao wajue kwamba mvua ambayo ardhi yao ilikuwa ikiinywa sasa humwendea jirani, na joto la jua hubaki kibarazani mpaka usiku.

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 58, Mola wetu ametupigia mfano wa ardhi mbili: njema, ambayo mimea yake hutoka kwa idhini yake, na mbaya, ambayo haitoi ila kwa taabu. Wafasiri wameufasiri mfano huu kwa nyoyo za watu. Mwalimu apandaye maneno mazuri katika moyo ambao husuda haijang'olewa, na mzazi amvishaye mwanawe kanzu nyeupe huku uongo umeachwa chini, hawatofautiani na yule aliyepanda majani mapya juu ya ndago ya zamani. Basi vijana wetu washike jembe kaskazi hii, nao watajifunza yote mawili. Twamuomba Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba zetu, nje na ndani, na atuwafikie katika kheri. Amin.